Gurudumu Moja la Kaka Ireri

Sisi tuliokulia kwenye vijiji vya handaki wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya mkoloni, tulicheza pia, msidhani tulikaa tukilia tu. Enzi zetu mtoto alikata shina la mgomba, akalikalia, akateleza mteremko mzima mpaka karibu na mto, akarudi nyumbani nguo imetoboka na makalio yanawaka, halafu mama akamwongezea viboko juu yake. Tulisukuma rimu kuukuu kwa kijiti. Tulichoma viazi vitamu kwenye jivu tukala na maganda yake. Wajukuu wangu wana baisikeli ya gia imeegemea ukuta tangu Krismasi, na ukiwatuma chumvi hapo Embu mjini wanataka kuita boda. Eti wamechoka. Wamechoshwa na nini, Mungu ndiye ajuaye.

Lakini kijiji kizima hakuna mtoto aliyekuwa na cha kuringia kama mimi. Kaka yangu Ireri, fundi wa baisikeli pale sokoni, alikuwa anaendesha gurudumu moja.

Ilianza kabla hatujahamishwa. Lori la jeshi lilirudi nyuma likaikanyaga baisikeli yake mbele ya duka alikofanyia kazi, na dereva hakushuka hata kutazama. Mtu mwingine angelia. Ireri alichukua gurudumu lililopona, akafunga pedali kwenye ekseli yenyewe, akapindua foki juu chini na kuchomeka kiti. Ile fremu iliyopinda waliisukumiza darini kwetu, yeye na rafiki yake Njue, maana Ireri alisema chuma hakiozi, siku moja kitapata kazi. Kisha mwezi mzima Njue akawa anakimbia kando yake amemshika kiuno, wakianguka pamoja kwenye mihogo ya mama. Siku Ireri alipokwenda peke yake mpaka kwenye kona, Njue alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Walikuwa wamenyonya pamoja, kama watu wa kwetu wanavyosema, ingawa mama zao walikuwa wawili.

Baadaye tukaamriwa kutoka kilimani. Nyumba zetu zilichomwa, tukapangwa kwa mistari ndani ya kijiji kimoja chenye uzio, handaki pande zote, vijiti vilivyochongwa chini yake, na lango moja lililolindwa na homgadi, watu wa kwetu waliopewa silaha na serikali ya mkoloni. Mama zetu ndio waliochimba handaki hilo. Kutoka ilikuwa kwa pasi, karatasi ya ruhusa. Njue naye akakabidhiwa mkuki na kusimamishwa langoni, na wakati huo hukuulizwa kama unataka.

Kila asubuhi Ireri alitoka kwenye lango hilo juu ya gurudumu lake akienda kazini, na siku ambazo shule imefungwa mimi nilimkimbilia nyuma. Ngai, watu walisema! Mzee mmoja aliyekuwa akileta mbuzi kutoka Mbeere alishuhudia mbuzi wake wakitawanyika kila upande, akasimama ameshika kiuno. "Sasa nikifika nyumbani nitasema mbuzi wamefukuzwa na nini?" Nyanya aliyebeba kuni alijitemea mate kifuani mara mbili, akamwambia, "Kijana, teremka, mamako bado anakuhitaji." Mwalimu wa kanisa alimwonya kwamba Mungu alitupa miguu miwili kwa sababu. Wanawake waliotoka mtoni walicheka mpaka mmoja akaketi chini na mtungi wake, na alipomaliza kucheka akaanza kulia. Mumewe alikuwa kizuizini. Alisema alikuwa amesahau kicheko kinavyouma mbavu.

Na wote, awe askari awe mchuuzi, walimuuliza jambo lile lile. Nusu nyingine iko wapi? Ireri hakurudia jibu. "Nimeila." "Inakuja nyuma, imechoka." "Iko nyumbani inaatamia." Watu walishika matumbo. Nami nilikuwa nikikusanya majibu hayo moyoni, nikitamani siku moja niulizwe mimi.

Nikaulizwa. Ilikuwa siku ya soko, Ireri ameegemeza gurudumu lake kwenye ukuta wa duka, anaziba pancha ya mteja upande wa nyuma. Akaja mwanamume aliyevaa koti zuri, anazungumza Kiembu lakini lafudhi si yetu. Akainama akaniuliza kwa upole, "Kasichana, na nusu nyingine iko wapi?"

Nilikuwa na miaka minane. Nilisema, "Imeenda msituni. Itarudi na uhuru."

Hayo yalikuwa maneno ya wakubwa. Mtu akipotea kijijini, ndivyo akina mama walivyonong'onezana handakini, ameenda msituni, na nilijua waliyasema kwa fahari. Nilingoja kicheko. Mama aliyekuwa akiuza nduma hapo kando aliinamisha kichwa akaanza kufunga gunia lake. Yule mwanamume peke yake ndiye aliyecheka. Alinipapasa kichwa akanipa peremende, nami nikaila, tena polepole ili isiishe.

Watoto wa leo hawatajua, kwa hiyo niseme waziwazi. Wapiganaji wa msituni walikuwa wakitengeneza bunduki kwa mabomba na vipande vya chuma. Fremu ya baisikeli ni mabomba matupu.

Kesho yake walimchukua Ireri dukani. Walimwambia, "Mtu wa kwenu amesema fremu imeenda msituni." Ireri akasema iko kwenye magofu ya nyumba yetu ya zamani, kilimani. Wakampeleka huko amefungwa kamba. Walikuta majivu na mawe matatu ya jiko. Nani aliiokota fremu, sijui hadi leo. Pengine kuna mtu aliifanya mlango wa zizi.

Jioni hiyo mama alitukalisha watoto wote akatuuliza, mmoja baada ya mwingine, nani amefungua mdomo. Alipofika kwangu nilitikisa kichwa. Alikuwa akituambia kila siku kwamba mdomo huponza kichwa. Wangu haukuponza kichwa changu hata kidogo. Uliponza goti la kaka yangu.

Alirudi kutoka kizuizini baada ya miaka karibu mitatu, goti moja halikunjiki. Alipata shamba, akaoa, akazaa watoto watano, lakini sikumwona tena akipanda chochote chenye gurudumu ila gari la abiria. Lile gurudumu mama alikuwa amelitupa kisimani kwa woga. Ireri hakuliulizia.

Alichouliza ni nani aliyesema. Na kwa kuwa nje ya nyumba yetu aliyejua habari ya fremu ile ni Njue, na Njue ndiye aliyevaa utepe wa homgadi langoni, akajijibu mwenyewe. Njue alikuja kumsalimia siku ya pili, amebeba kuku. Ireri alimtazama, akaingia ndani akafunga mlango. Nilikuwa uani nikipepeta maharagwe. Niliona kila kitu. Njue alimfungua kuku kamba miguuni, akamwacha pale uani, akaenda zake.

Hawakusalimiana tena. Waliishi kila mmoja ng'ambo yake ya mto mdogo mmoja, walichota maji mahali pamoja, wakazeeka. Njue akiulizwa alisema, "Si mimi," na watu wakasema, homgadi atasema nini? Mara nyingi nilimpelekea Ireri uji nikiwa nimeamua, leo nasema. Kisha angeanza kunisifu mbele ya wake za watu, eti mimi ndiye dada aliyemlilia zaidi, nami nikachukua bakuli tupu nikaenda zangu. Nilikuwa mwoga. Sina jina lingine la kujipa.

Ireri alipokufa nilipewa kipaza sauti kama dada wa marehemu. Nikaeleza habari ya gurudumu, mbuzi wa Mbeere na nyanya wa kuni, hema zima likacheka. Njue alikuwa amesimama nje ya uzio, ameegemea fimbo, kwa sababu hakuna aliyemkaribisha kiti. Nilimwona vizuri. Nilikuwa na sauti ya kufika hata ng'ambo ya mto. Nikasema, "Asanteni nyote kwa kuja," nikamrudishia kijana kipaza sauti chake.

Njue naye tulimzika mwaka jana, kabla ya mvua. Watu hawakuwa wengi.

Basi nawacheka wajukuu, na uvivu wao, na masikio yao yaliyozibwa kwa nyaya. Sisi tulikuwa wepesi, tulijua kupanda miti, kuteleza, kuchoma na kuvumilia, na kufunga mdomo tulijua kuliko yote. Juzi mdogo wao, ana miaka minane, aliangusha sahani yangu ya kaure niliyoletewa harusini. Nilikuwa chumbani, sikusikia. Angeweza kuokota vipande na kumsingizia paka. Alikuja mwenyewe akasimama mlangoni.

"Shosho, ni mimi."

Nikamwambia, "Haya," akakimbia kwenda kucheza. Ni maneno mawili tu, na Njue aliyangoja mpaka akafa.