Kisima cha Madlewell

Kwa miaka thelathini na mmoja Winifred Askew alipeleka barua Madlewell, kitongoji cha nyumba kumi na moja tu, na kila mzee aliposimulia jambo mlangoni yeye aliliandika. Sasa daftari limekuwa kijitabu, na mchapaji alikitaka Jumatatu. Ukurasa mmoja tu ulimkosesha raha. Jina la kitongoji, kwa lugha ya kale ya huko, ni kisima cha Madla, mwanamke aliyemiliki maji hayo kabla ya kanisa kujengwa. Lakini hakuna aliye hai aliyewahi kukiona.

"Ufute, Winnie," Kasisi Pobjoy alimsihi. "Majirani zetu wa Hexby watatucheka mpaka Krismasi."

"Wacheke. Ila kwanza nikitafute."

Jumapili ilikuwa siku ya kupiga mipaka. Kila Mei kitongoji kizima hufuata mpaka wake kikichapa mawe ya alama kwa fimbo mbichi. Kanuni ni kupita palepale mstari ulipo, hata kama ni jikoni kwa mtu. Hata hivyo, kwa miaka arobaini wote walilizunguka banda la kuku la Harold Tuffin. Huko watu ni radhi wapotee njia kuliko kumsumbua jirani.

Winifred akasimama mlangoni pa banda. "Harold, mstari unapita humu."

"Najua."

"Unajua? Mbona hukusema?"

"Mliniuliza? Nilidhani mnapenda kuzunguka."

Watu wakaangua kicheko. "Haya pita, mama," Harold akasema, "ila chunga jogoo. Huyo hamheshimu hata kasisi."

Winifred akaingia kwa magoti, kuku wakitawanyika kwa kelele. Alipoinuka katikati ya banda, ubao mkuukuu wa sakafu ukavunjika, mguu ukazama hadi gotini. Akapiga ukelele.

"Umevunjika?" kasisi akaita.

"Maji! Jamani, maji! Na mawe yamepangwa duara!"

Harold akachungulia. "Ala! Kumbe ndiyo maana kuku wanadharau bakuli langu la maji."

Wakang'oa mbao zote. Kasisi alichota kwa kofia yake, akaonja, akatikisa kichwa kwa furaha. Kisha, kama desturi inavyotaka afanyiwe kila anayegundua alama ya mpaka, wakambeba Winifred na kumkalisha kwa kishindo, mara tatu, ukingoni mwa kisima.

"Polepole, nyie!" alipiga kelele akicheka, soksi ikichuruzika maji. "Nina ukurasa wa kuandika upya!"