Ngoma Kutoka Kambini

Jumapili ile mama, shangazi na mimi tulikuwa uani tunamenya muhogo tuliposikia ngoma kutoka upande wa kambi. Zilikuwa nyingi, zinapigwa kwa pamoja, na kishindo chake kilishuka bondeni kikatuingia vifuani.

Wakati huo wakimbizi wa Burundi walikuwa wameshakaa ng'ambo ya mto kwa misimu kadhaa. Lugha yao na Kiha chetu vinakaribiana sana, lakini hatukuwa tunasalimiana. Ugomvi ulikuwa kuni. Wao walikata miti kwenye msitu wetu, sisi tukawafukuza, na juma lile kijana wao mmoja alikuwa amepigwa. Kwa hiyo kila mtu kijijini aliwaza jambo moja: wanaitana, wanakuja kulipiza.

"Ingieni ndani mfunge mlango," baba alisema, akachukua panga. Majirani walikuwa wameshakusanyika barabarani.

Shangazi alijifungia. Mama alikataa. "Kama unaenda kufa, nitaona kwa macho yangu." Akawafuata wanaume, nami nikamfuata nimeshika kanga yake.

Kivukoni tulikutana na mwanamke wa kambini, amevaa kitenge kipya, kichwani ana kibuyu cha pombe ya ndizi. Alipoona mapanga alisimama. Akamtazama mama, kisha akasalimia kwa Kirundi kwa sauti ndogo, "Mwiriwe. Mnakuja harusini?"

Mama ndiye aliyejibu. "Mwiriwe, mama. Ndiyo, tunakuja. Hawa wametoka shamba."

Sijui kama aliamini, maana ilikuwa Jumapili na hakuna aendaye shamba. Baba alilificha panga lake kwenye migomba, na wengine wakafanya vivyo hivyo bila kutazamana.

Kambini wapigaji walisimama nusu duara, na mchezaji katikati aliruka mpaka magoti yakagusa kifua. Bibi harusi alikuwa analia huku anacheka. Bibi mmoja aliyesimama karibu nami aliniambia kwamba tangu wavuke mpaka hawakuwahi kupiga ngoma. Zao ziliachwa nyumbani. Hizi walizichonga hapahapa.

Jirani yetu mmoja alimsikia. Akasema kwa sauti, "Zimechongwa kwa mti wetu."

Ngoma zikanyamaza. Kiongozi wa wapigaji, jasho likimtiririka, akamsogelea na fimbo mbili mkononi. Mama alinikumbatia. "Ni kweli, mzee," yule kiongozi alisema. "Mti ni wenu. Basi piga."

Jirani akazipokea fimbo, akapiga vibaya. Akajaribu tena, vibaya zaidi. Watu wakaangua kicheko, naye mwenyewe akacheka, na mama akapiga kigelegele ambacho mpaka leo sijui kilikuwa cha harusi au cha kumshukuru Mungu. Nikakaa chini pale pale vumbini.

Kuni tuliendelea kuzigombania, ila kuanzia siku hiyo tulikuwa na watu wa kukaa nao tukazungumza. Nimewasikia wengi wakisema mkimbizi anahitaji unga na dawa, ngoma ni anasa. Unga na dawa vilikuwa vikiletwa pale kambini siku zote, na hakuna hata mmoja wetu aliyevuka mto kwa ajili hiyo.

Jioni nilirudi nyumbani naimba wimbo wao, maneno nimeyageuza kidogo yawe ya kwetu. Shangazi alifungua mlango taratibu, akachungulia, akauliza, "Huo umeutoa wapi? Hebu niimbie tena."