Punda wa Bustani

Mjukuu wangu amejenga nyumba hapa Garissa. Sebuleni ametundika picha kubwa ya zamani, aliyoipata kwenye simu akaipeleka studio. Ni nyumba ya mzungu wa serikali kule Wajir, enzi za ukoloni. Ina baraza ndefu, na mbele yake bustani imejaa maua.

"Ayeyo, bibi yangu, tazama kwetu kulivyokuwa kuzuri," akaniambia.

Nikamwambia aitoe. Maua yale nayajua. Mama yangu ndiye aliyeyapelekea maji kwa punda, kwa amri ya serikali, na mwaka huo mvua ilikataa. Kisimani kila boma lilikuwa na zamu yake, na mwenye kuruka zamu aliapizwa. Punda wa bustani hakungoja zamu. Mama akapita mbele ya majirani, akapita mbele ya mbuzi wetu wenyewe waliolala chini kwa kiu, akaenda kunywesha kitu kisichokamuliwa. Mbuzi wakaisha. Majirani wakaacha kumjibu salamu.

"Lakini mama yako simwoni hapa," akasema mjukuu.

"Utamwona wapi? Mpiga picha alimwambia asogee, asimharibie."

Akaanza kuishusha. Ilipofika karibu na macho yangu, nikaona kwenye kona, nyuma ya nguzo ya baraza, masikio mawili ya punda. Mama alifariki bila kupigwa picha hata moja. Aliyeshika kamba ya punda huyo ni yeye.

Nikamwambia airudishe ukutani. Nikipita hapo naangalia kona ile tu. Maua siyatazami.