K ya Manyoya

Jina la Ufagio alipachikwa na mwalimu wa darasa la pili, na likamganda. Alikuwa mfagiaji wa shule ile kweli, miaka minane nyuma, mpaka mwalimu wa chekechea alipokwenda kujifungua na yeye akaambiwa awashike watoto kwa wiki mbili tu. Yule mwalimu hakurudi. Wiki mbili zikaota mizizi. Cheti hana, darasa la saba ndiyo mwisho wake, lakini watoto walitoka mikononi mwake wanazijua herufi kama wanavyowajua wadogo zao wa tumbo moja.

Kati ya chumba chake na darasa la pili palikuwa na ukuta wa mbao nyembamba usiofika juu. Kila kitu kilipita hapo: vumbi la chaki, harufu ya viatu, kelele. Wiki ya herufi K yalipita manyoya. Watoto waliyaleta kutoka makwao yamejaa mifukoni, meupe, mekundu, mengine na kinyesi chake. K ilikuwa ya kuku, na kila mtoto alikuwa aivishe K yake mwenyewe.

"We Ufagio," sauti ilitoka ng'ambo ya mbao, "hilo darasa au banda?"

"Lingekuwa banda ungeshakuja kuomba mayai."

Ikafuata chafya. Kisha nyingine. Ya tatu ndiyo iliyofika ofisini.

Gundi Ufagio alikuwa akiipika nyumbani kwake alfajiri, unga wa ngano na maji, mama mkwe amesimama nyuma yake kama askari. "Ukiniunguzia sufuria yangu," alisema mama mkwe, "leo utapikia kwenye kofia ya mumeo." Herufi zenyewe alizikata kwenye maboksi ya sabuni. Upande mmoja wa boksi una picha ya mwanamke anayecheka na povu, upande wa pili ni kijivu mtupu. Hapo kwenye kijivu ndipo alipochora K kwa penseli, hapo ndipo manyoya yalipotakiwa kukaa. Thelathini na moja alizikata, mpaka mkasi ukamwachia lengelenge kwenye kidole gumba.

Alhamisi, gundi ikiwa bado ya vuguvugu na brashi ziko mikononi mwa watoto, akaitwa ofisini. Mwalimu wa darasa la pili akaambiwa amshikie watoto.

Mwalimu mkuu hakumkaribisha kiti. "Mwenzako anasema wiki nzima mnacheza."

"Hatuchezi, mwalimu. Tunajifunza K."

"Kwa manyoya."

"Ndiyo. Mtoto akiishika, haisahau."

"Mimi nilisahau nini, nami nilifundishwa kwa fimbo?" Alimweka pale amesimama hadi kengele ya kwenda nyumbani, huku akijaza karatasi zake. Mwisho akasema bila kuinua macho, "Kesho asubuhi nitawauliza mwenyewe. Wakishindwa kunionyesha K, Jumatatu wanahamia upande wa pili. Na wewe stoo ya mafagio unaijua ilipo."

Aliporudi alikuta watoto wameshaondoka, mlango una kufuli, na ufunguo umekwenda na mwenzake. Akachungulia dirishani, akaona giza tu. Usiku ule mwanawe mdogo alinyonya mpaka akashiba, yeye hata hakujua ni titi lipi.

Asubuhi waliingia wote watatu kwa pamoja, mwalimu mkuu, mwenzake na yeye. Ukuta mzima umejaa manyoya, herufi zimepangwa mistari iliyonyooka, kazi ya mtu asiyependa fujo. Watoto walishafunguliwa na kukaa. Walikuwa wakiutazama ukuta, na nyuso zao hazikuwa na furaha.

Mwalimu mkuu alielekeza kalamu kwenye herufi ya kwanza. "Hii ni herufi gani?"

Watoto walitazamana.

"Semeni, msiogope."

Binti mmoja mwenye pengo, yule mpenda kuuliza, alitingisha kichwa. "Sio K."

Mwalimu wa darasa la pili akacheka kwa pua. "Umesikia mwenyewe, mwalimu mkuu. Wiki nzima. Kuku wanne wamebaki uchi, na K yenyewe hawaijui."

Kalamu ikaanza kuandika. Ufagio alisogea karibu. Akautazama ukuta vizuri, na ndipo naye alipoona. Maneno yalimjaa mdomoni, akayameza. Akisema yeye, watasema anajitetea.

"Watoto," akauliza taratibu, "K mgongo wake unakaa wapi?"

"Mlangoni," wakajibu wote. Ndivyo walivyoimba tangu Jumatatu, wamesimama, mgongo mlangoni, mkono dirishani, mguu dirishani.

"Na huyu mgongo wake uko wapi?"

"Dirishani."

Binti mwenye pengo hakungoja kuambiwa. Alipanda kwenye benchi, akaivuta K ya kwanza, ikabanduka na chokaa kidogo. Akaigeuza. Manyoya yakaelekea ukutani, kijivu chenye mstari wa penseli kikatokea mbele, na mgongo ukarudi mlangoni. "Sasa ndiyo K," alisema.

Mwalimu mkuu aliacha kuandika. "Nani aliyewaambia mbandike manyoya upande ule?"

"Mwalimu wa upande wa pili," walisema, kila mmoja kwa wakati wake. "Alisema tufunike yule mama wa sabuni. Alisema matangazo ni uchafu."

Mwenye kulaumiwa alijikaza. "Nilikuwa nasafisha. Mimi ningejuaje kama boksi lina upande?"

"Ungeuliza," Ufagio alisema. "Walikuwepo thelathini na mmoja wanaojua."

Mwalimu mkuu alikata mstari kwenye karatasi yake, shingo upande, kama mtu anayekata nguo yake mwenyewe. "Utabaki nao mpaka muhula uishe. Nami nitarudi." Hakusema hongera, na hakuna aliyeitegemea.

Mkuu alipotoka, mwalimu wa darasa la pili alimsogelea Ufagio mpaka pumzi zikagusana. "Umewafundisha watoto kuniumbua."

"Nimewafundisha K. Hayo mengine umejiletea."

"Muhula ni mfupi, Ufagio."

"Ufunguo wangu," alijibu, akanyoosha mkono, na hakuushusha mpaka ufunguo ukaanguka kiganjani.

Kisha akawasha jiko la mafuta lililokuwa pembeni, akayeyusha gundi ya jana, na watoto wakaanza kuzibandua K zote moja baada ya nyingine ili wazivishe upya. Manyoya yalipaa tena. Yakapita juu ya mbao, taratibu, bila haraka. Upande wa pili ikasikika chafya, halafu ya pili. Ufagio hakusema pole. Aliwapa watoto brashi.