Kompyuta Iliyonikubali kwa Jina la Pacha Wangu

Mimi na pacha wangu hatufanani sura, lakini sauti zetu hata mama alizichanganya akiwa jikoni. Ndiyo maana kaka yetu, aliyekuwa akisomea kompyuta Ulaya, alipokuja likizo kwetu Igogo na kinasa sauti, alitukalisha sisi kwanza.

Mama alisimama mlangoni. "Sauti za wanangu unazipeleka wapi?"

"Chuoni, mama. Tunaifundisha kompyuta kumtambua mtu kwa sauti. Programu yake inaiga neva za ubongo: inasikiliza, inabahatisha, ikikosea inarekebishwa, mpaka inazoea. Baadaye mtu akisema yeye ni fulani, inamkubali au inamkataa."

"Na ikimkubali mwongo?"

Kaka alicheka tu.

Miezi ilipita, akapiga simu kwenye duka la jirani, maana ndipo palipokuwa na simu mtaani. Akasema alipoipa kompyuta sauti yangu na kuidanganya kuwa ni ya pacha wangu, ilikubali. Sauti za wengine wote aliozijaribu hivyo ilizikataa.

Mimi nilicheka. Pacha wangu hakucheka. Mchumba wake alifanya kazi Bukoba, na kila Jumapili alimpigia palepale dukani.

"Umewahi kupokea simu yake?" aliniuliza jioni ile.

"Sijawahi."

"Ungepokea, angejuaje kuwa si mimi?"

Nilicheka tena, na hilo likaniponza. Tangu hapo nikienda dukani kununua chumvi, aliniuliza mbona nimechelewa. Na kwenye simu pacha wangu alimhoji mchumba wake: Jumapili iliyopita tuliongea nini? Nilikwambia nini kuhusu gauni? Yule bwana akaingiwa na wasiwasi. Mtu gani anauliza maneno yake mwenyewe?

"Kwani naongea na nani?" akamwuliza siku moja, na simu ikakatika.

Wiki hiyohiyo yule bwana alipanda meli ya usiku kutoka Bukoba, akafika kwetu asubuhi bila taarifa. Alimwamkia mama, kisha akaomba mimi na pacha wangu tuingie chumba cha ndani, tumsalimie mmoja mmoja bila yeye kutuona, ataje ni nani. Alikosea: niliposalimia mimi, alimtaja pacha wangu. Pacha wangu akatoka analia.

"Ungeweza kuongea naye mwaka mzima," alisema.

"Ningeweza," alijibu yule bwana. "Ndiyo maana nimekuja mwenyewe."

Walioana, wakavuta simu nyumbani kwao. Nilipokwenda kuwatembelea, ilikuwa ikiita tu, pacha wangu anatoka hata bafuni, maji yanamchuruzika, aipokee yeye.