Saa Sita Zilizopotelea Sebuleni

Ni nani kati yetu wawili, mimi au mama mkwe wangu, aliyekuwa akiiharibu saa ya laptop yangu? Swali hilo limenishinda hadi leo, na nimekwisha zoea kuishi nalo.

Mwanzoni ugonjwa ulikuwa wa kweli. Kila nilipoizima laptop, saa nayo ilisimama, na asubuhi niliikuta pale pale nilipoiachia jana. Nikaipeleka kwa fundi wangu, ambaye meza yake iko chini ya ngazi za jengo moja la Msimbazi, ubavuni mwa duka la mapazia. Akabadilisha kibetri cha mviringo kinachoilinda saa mashine inapozimwa, kisha akauzima ule mpangilio wa saa kujirekebisha kwa mtandao.

"Weka kwa mkono kwanza, mkuu, tujue kama betri inashika."

Betri ilishika, lakini ukazuka ugonjwa mwingine. Saa haikusimama tena. Ilirudi nyuma, tena kwa muda wa saa sita kamili. Nikiisahihisha asubuhi, jioni naikuta imerudi. Kwa sababu hiyo nilikosa kikao cha video na wachapishaji ninaowahariria vitabu vya shule: kengele ya laptop ililia wenzangu wakiwa wamekwisha agana na kula chakula cha mchana. Msimamizi wao akanieleza, kwa upole unaotisha, kwamba nikikosa na kikao cha Alhamisi kitabu kitapewa mhariri mwingine.

Nikarudi kwa fundi.

"Betri ikichoka haichagui, mkuu. Hii inakata sita, sita, kama iko kazini. Labda ukiipa mgongo inakwenda Brazili, kule wako nyuma yetu saa sita."

"Basi irudi na jezi," nikamjibu, tukacheka, ingawa mimi nilikuwa na wasiwasi.

Jumatano nilitoka sokoni mapema kuliko kawaida. Sebuleni nikamkuta mama mkwe ameketi mezani kwangu, miwani puani, kikombe cha kahawa ya tangawizi pembeni. Aliuza kanga Kariakoo karibu maisha yake yote, na tangu alipofunga duka anaishi nasi. Ni mkwe, nami simpandishii sauti. Hata rimoti ya televisheni naiomba kwake kwa kukohoa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mashine yako ina kichwa kigumu hii! Naiambia saa nne, yenyewe inashikilia kumi."

Akaninyooshea mkono. Saa yake ya mkononi ameitega Kiswahili, kama walivyofanya wazee wake: ilikuwa saa nne asubuhi, na mshale mfupi ulikuwa kwenye nne. Kwake yeye, saa isiyosema kama mdomo unavyosema ni mbovu.

"Kumbe ni wewe unayeirekebisha, mama?"

"Kila siku! Nakuona unahangaika nayo, unabonyeza pale pembeni, nikajifunza. Nikasema mkwe wangu ana kazi nyingi, nimpunguzie. Lakini nawe, chuo kikuu chote kile, saa nne unaandika kumi?"

Nikaitazama laptop, kisha saa ya mkononi mwake. Tangu shule ya msingi nimekuwa nikiiona kumi na kutamka nne, na sikuwahi kuulizwa sababu. Nikaanza kucheka. Naye akacheka, bila hakika tunamcheka nani.

Ningeweza kuweka neno la siri. Lakini kumfungia mama mkwe kitu ndani ya nyumba ni sawa na kutia kufuli kabati la sukari. Angenyamaza, na kunyamaza kwake kungefika hadi kwa mke wangu. Nikaamua laptop ifuate mtandao, mimi nimfuate mama mkwe.

"Mama, kesho saa tatu asubuhi nina kikao, nikikikosa sina kazi. Nategemea saa yako."

Akavua miwani. "Saa tatu ya kweli, au ya mashine?"

"Ya kweli, mama."

Asubuhi niliuwasha tena ule mpangilio wa mtandao, nikakata kipande cha karatasi na kukibandika kwenye pembe ya kioo, juu ya zile namba zinazomkera. Mama mkwe akasimama mlangoni, mkono ameuinua karibu na macho.

"Kasorobo. Vaa shati la maana, baba, usitutie aibu."

Nikavaa. Nikaketi. Tukangoja sote wawili.

"Saa tatu imetimu. Wafungulie watu wako."

Nikabonyeza.