Upawa Chini ya Mto

Nilipokuwa mtoto sikupata kuona mzazi aliyelala bila kisu chini ya mto. Kwetu Hindawiya, Jidda, katika jengo lililojaa Waswahili wa Mombasa na Unguja, mwanamke akishajifungua tu, kisu kilihama jikoni kikaenda kitandani. Majini huogopa chuma, tuliambiwa, na mwenye arobaini ni mlango ulioachwa wazi. Niliamini, wala sitasema uongo: mpaka leo, pamoja na sala zangu tano, nikimwaga maji ya moto husema bismillahi kwa sauti, nisije nikawaunguza walioko chini.

Mama alipomzaa mdogo wangu Swaleh, aliyekiweka kisu ni Bi Zuhura wa chini, mjane wa Kizanzibari, mkunga wa zamani. Baba yangu alikuwa dereva, na alimwogopa Bi Zuhura kuliko alivyomwogopa kafili wake, Mwarabu aliyemdhamini kazini. Bi Zuhura alikilaza kisu makali yakitazama ukutani, akasoma alichosoma, kisha akanigeukia.

"Saumu, ukikigusa mkono utakauka."

Sikukigusa. Aliyekigusa ni mama.

Mama yangu alikuwa mtu wa vicheko. Ukipanda ngazi ulimsikia kabla hujaufikia mlango. Baada ya Swaleh alinyamaza. Mtoto akilia, alimtazama kama mtu anayesikia redio ya jirani. Uji wa pilipili manga aliopikiwa na majirani ulipoa pembeni mwake, nami, Mungu anisamehe, nikaumalizia na nikafurahi kwamba hautaki. Watu wakanong'ona kwamba ana mtu kichwani. Baba akasema atatafuta tiketi ampeleke Mombasa akapungwe pepo.

Bi Zuhura akamkata kauli. "Apungwe naye yumo arobaini? Utamzika njiani, baba. Tulia."

Mchana mmoja nilirudi shule nikamkuta mama amekaa ukingoni mwa kitanda, kisu kiganjani, anakigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha. Swaleh alikuwa amelala nyuma yake.

"Saumu, kisu hiki bado kikali?"

Nikasema sijui. Akakirudisha taratibu, kama anayemfunika mtoto. "Usimwambie mtu. Nilikuwa nakitazama tu."

Haikupita siku nyingi akaja Abla Ihsan, muuguzi wa kituo cha afya cha mtaa, Msudani mpana mwenye viatu vyeupe, aliyekuwa akizungukia nyumba za waliojifungua. Kiarabu cha mama kilikuwa cha sokoni tu: yalla, mafi, halas. Basi mimi, msomi wa nyumba, nikakalishwa katikati nitafsiri. Kichwa kilinivimba kwa kujiona.

Abla akauliza kama mama analala.

"Mwambie nalala, alhamdulillahi." Nikamwambia.

Anakula?

"Mwambie nakula." Nikamwambia, na uji wake umo tumboni mwangu.

Akauliza, sauti chini, moyo wake ukoje. Mama akatabasamu kwa midomo tu. "Mwambie sijambo."

Kwenye chuo cha Kurani tulifundishwa kwamba neno la mtu ni amana, ulifikishe kama ulivyopewa. Nilijua hivyo nilipofumbua kinywa. Nikasema kwa Kiarabu, "Anasema hajambo. Lakini si kweli. Kuna kisu chini ya mto, na juzi nilimwona amekishika."

Abla hakuruka wala hakupiga kelele. Alinishika bega. "Ahsante, binti. Kazi yako imekwisha. Kamwite mtu mzima."

Nikamwita Bi Zuhura, ambaye Kiarabu alikila kama halua. Mimi nilitolewa nje, nikasimama nyuma ya mlango kusikiliza na kuchungulia, nalo ni kosa jingine.

Abla akasema kisu kitoke leo hii.

"Kitoke!" Bi Zuhura akawaka. "Umwache mzazi wazi? Wakimvaa usiku, utakuja kuwatoa wewe na hiyo sindano yako?"

Abla angeweza kucheka. Nimekutana na wengi wenye shahada ambao wangecheka. Yeye alivuta kiti, akakaa, akauliza kwa adabu, "Mama yangu, hao wanaogopa makali, au wanaogopa chuma?"

Bi Zuhura alikuwa mbishi, lakini alikuwa mtu wa kufikiri.

"Chuma," akasema mwishowe. "Makali ni ya kututisha sisi."

Akatoka, akanipita bila kuniona, nikasikia masufuria yanagongana jikoni. Akarudi na upawa, ule wa chuma wa kupakulia pilau ya harusi, mkono wake mrefu kama mkono wangu. Akausukuma chini ya mto, kisu akakivingirisha kwenye kanga yake.

"Bi Zuhura," mama akasema, "nilalie jembe?"

"Lala! Wenzio wanalalia waume wanaokoroma, hatujawasikia kulalamika."

Mama akacheka. Kicheko kifupi, kimetoka bila ruhusa. Halafu akalia, akalia sana, Abla kashika mkono huu na Bi Zuhura ule. Baba alirudi akakuta hali hiyo, akasimama mlangoni na funguo za gari la watu, asijue aingie au atoke. Hakuitaja tena tiketi.

Baada ya hapo pakawa na daktari, vidonge, na mikutano ya akina mama pale kituoni, Bi Zuhura akienda naye kama mkalimani, mimi nikiwa nimestaafishwa. Nyumbani wanawake wa jengo walikaa naye kwa zamu, maana mwenye arobaini haachwi peke yake. Abla alipenda sana desturi hiyo, akaomba kitu kimoja: siku ya arobaini ikifika wasitawanyike.

"Arobaini ya huyu," Bi Zuhura akajibu, "itaisha mwenyewe akisema imeisha."

Ilichukua muda. Swaleh alianza kutambaa, akauchomoa upawa, akawa anaugonga sakafuni mpaka majirani wakalalamika. Mama akamnyang'anya, akaurudisha jikoni. "Haya," akasema. "Imeisha."

Bi Zuhura ametangulia mbele ya haki. Mama yupo Jidda bado, na pale pale kituoni ndiye anayefuatana na wauguzi kuingia nyumba za wazazi wageni, Waswahili na wasio Waswahili. Sijasoma sana, sijui majina ya maradhi yao. Najua kwamba kabla hajauliza lolote huketi karibu na mto. Nikiwasikia watu wakimwita "Khala", yaani mama mdogo, wakimwombea dua, kifua hunijaa, na kama hicho ni kiburi, nitatubu baadaye.

Nami nilipojifungua hapa Riyadh, alipanda ndege akaja. Nikaona ni wakati wa kumwomba radhi. Nilimwambia kwamba siku ile nilivunja amana yake.

Alikuwa anafungua begi. "Ulitafsiri sawasawa, mwanangu. Aliyekosea kusema ni mimi."

Kisha akatoa upawa, umepauka, mkono umepinda, akausukuma chini ya mto wangu. Shingo iliniuma wiki nzima. Lakini nililala.